Kabla ya Jani Kuna Hewa

Haya ni maneno niliyoyasema Mombasa mbele ya vikundi vya mikoko, maofisa wa kilimo na mifugo, wanafunzi wa jiografia na wazee wa mitaa. Walioshindwa kufika wameyaomba, nami nayaweka yote kama yalivyotoka. Michoro iliyokuwa ukutani nimeiacha.

Assalamu alaikum. Bwana asifiwe. Hamjambo nyote?

Wazee wangu, kina mama, ndugu zangu vijana, ahsanteni kwa kuitika wito. Najua wengine mmevuka feri tangu asubuhi, na wengine mmetoka mbali, Kilifi na Kwale, mje kusikiliza mtu akizungumza juu ya hewa. Basi nisiwacheleweshe.

Nani hapa hajawahi kuiona ile ramani ya kijani? Ile ramani ya kaunti ambayo kijani kilichokoza maana yake malisho yapo, manjano maana yake hali si nzuri, na nyekundu ni ukame. Mmeiona kwenye taarifa za kila mwezi za NDMA, mamlaka ya taifa ya kudhibiti ukame. Mmeiona kwenye miradi ya mikoko. Ukame ukibana, mnaiona hata kwenye simu, ikirushwa kutoka kundi moja la WhatsApp hadi jingine. Na ramani ile ina nguvu, jamani. Inasaidia kuamua msaada uende wapi. Inasaidia kuamua mfugaji wa Tana River alipwe bima au asilipwe. Inasaidia kuamua mradi wa miti uandikwe umefaulu au umeanguka.

Sasa swali lililonileta: kati ya lile jani na ile kamera, kuna nini?

Kuna hewa. Setilaiti ya Terra, ambayo imetupa ramani nyingi za namna hii tangu ilipopelekwa juu Desemba 1999, inapita kama kilomita 700 juu ya vichwa vyetu. Mwanga wa jua unashuka kupitia hewa, unaligonga jani, unarudi juu, unapita hewani mara ya pili, ndipo unaifikia kamera. Na hewa si kitu kitupu. Ina mvuke. Ina moshi. Ina vumbi la barabara na vumbi la jangwani. Hapa kwetu ina chumvi ambayo mawimbi yanairusha juu mchana na usiku. Kamera haijui mwanga upi umetoka kwa jani na upi umetoka kwa vumbi. Inapokea jumla. Jumla tu.

Ndiyo maana nimekuja kusema jambo moja, na nitalirudia mpaka mnichoke: kijani cha ramani hakijawa kijani cha jani mpaka hewa iondolewe. Kuiondoa hewa ni kazi. Kazi hiyo ina hesabu zake, ina makosa yake, na sisi tunaoamuliwa mambo kwa ramani hizo tuna haki ya kuuliza imefanywaje.

Tuanze na kitu mnachokijua kwa macho yenu. Simama upande wa Kilindini asubuhi ambayo mvua imenyesha usiku kucha na kumekucha kweupe. Tazama kusini-magharibi. Vilima vya Shimba unaviona vizuri, kijani kimekoza, unakaribia hata kutenganisha msitu na mashamba. Sasa rudi palepale mwisho wa kiangazi, kaskazi inavuma na watu wanachoma mashamba kungojea masika. Vilima havikuhama. Lakini vimepauka, vimegeuka samawati, na kufikia mchana hata mstari wa juu huuoni sawasawa. Je, msitu umekufa? Haujafa hata mti mmoja. Kilichobadilika ni hewa iliyo kati yako na vilima. Hewa hiyo imeshika mwanga wa jua na kuutupia machoni mwako, ukajichanganya na ule mwanga mchache unaotoka kwenye miti. Kitu cheusi kimeonekana kama kina mwanga ambao hakina.

Setilaiti inapatwa na jambo hilohilo, ila yenyewe inatazama kutoka juu, na haiwezi kungoja mvua ije isafishe.

Tuingie kwenye hesabu kidogo. Msiogope, ni kutoa, kujumlisha na kugawa. Jani bichi lina klorofili, na klorofili inakula mwanga mwekundu ili jani litengeneze chakula chake. Kwa hiyo nyekundu inayorudi ni kidogo sana. Lakini kuna mwanga mwingine uliopakana na nyekundu ambao jicho la binadamu haliuoni, infraredi ya karibu. Huo jani haliutaki, linaurudisha kwa wingi. Wataalamu wakachukua infraredi, wakatoa nyekundu, wakagawa kwa jumla ya zote mbili. Jibu wakaliita NDVI. Njia hii ilianza kutumika miaka ya 1970, baada ya setilaiti ya Landsat ya kwanza kupelekwa juu Julai 1972, na mpaka leo ndiyo inayobeba ramani nyingi mnazoziona.

Chukueni kalamu. Tuseme msitu mzito, siku ya kweupe. Katika kila mia ya mwanga mwekundu unaoufikia, unarudisha 4. Katika kila mia ya infraredi, unarudisha 40. Toa: 36. Jumlisha: 44. Gawa: 0.82. Huo ni msitu wenye afya njema.

Sasa leta moshi. Nyekundu inayofika kwenye kamera si 4 tena, imekuwa 8, kwa sababu moshi umeongeza mwanga wake. Infraredi imepungua kidogo njiani, imekuwa 39. Toa: 31. Jumlisha: 47. Gawa: 0.66.

Kutoka 0.82 hadi 0.66! Hakuna jani lililoanguka. Hakuna shoka lililoingia. Hakuna mvua iliyokosa. Na mtu aliyekaa ofisini mbele ya kompyuta ameandika kwamba msitu umepungua afya.

Fanyeni hivyohivyo kwa uwanja mtupu wa udongo, nyekundu 20 na infraredi 28. Mtapata 0.17. Weka moshi: 22 na 27. Mtapata 0.10. Mmeona? Pale penye kijani kingi ndipo hewa inaponyang'anya kingi. Namba hizi ni za mfano, nimezichagua ili mzifuate, lakini mwelekeo wake ndio ule unaotokea kweli.

Kwa nini nyekundu ndiyo inayoumia? Zaidi ya karne moja na nusu iliyopita, mwaka 1871, Mwingereza aitwaye Rayleigh alieleza kwamba chembe ndogo kabisa za hewa zinatawanya mwanga wa mawimbi mafupi kuliko wa mawimbi marefu, na tofauti yake ni kubwa. Bluu inatawanywa zaidi ya mara nne kuliko nyekundu, na ndiyo sababu mbingu ni samawati. Nyekundu nayo inatawanywa kama mara tatu kuliko ile infraredi. Kwa hiyo hewa inaongeza nyekundu na inaiacha infraredi karibu ilivyo. Halafu unakuja mvuke, na mvuke Mombasa hatuununui. Mvuke unakula sehemu ya infraredi. Kamera za zamani, zile za setilaiti za hali ya hewa za Marekani zilizoanza kutoa NDVI ya dunia nzima mwaka 1981, zilikuwa na mlango mpana wa infraredi, na mvuke ulikuwa unaingia humo na kula. Nyekundu inapandishwa, infraredi inashushwa. Pande zote mbili zinavuta namba chini. Kamera ya MODIS iliyo ndani ya Terra ilibanwa makusudi ili mlango wake uepuke mahali mvuke unapokula. Mvuke ukapungua kuwa tatizo. Moshi na vumbi vikabaki.

Nataka nikae kidogo hapa kwenye vumbi, kwa sababu ndipo panaponiuma.

Mtu anaweza kusema, sawa, hewa inakosea, lakini makosa yanajifuta yenyewe, leo juu kesho chini. Hapana, ndugu zangu. Hayajifuti. Vumbi linapanda lini? Linapanda ardhi ikiwa tupu, mifugo ikitembea mbali kutafuta maji, upepo ukikuta udongo hauna nyasi za kuushika. Yaani linapanda wakati wa ukame. Wakati uleule ambao tunaihitaji namba iwe sahihi kuliko wakati wowote, ndipo hewa inapokuwa chafu zaidi.

Sasa tazameni namba hiyo inakwenda wapi. NDMA hawatumii NDVI yenyewe peke yake. Wanaifananisha na historia ya mahali palepale, msimu uleule: kiwango cha chini kabisa kilichowahi kuonekana ni sifuri, cha juu kabisa ni mia, na hali ya sasa iko wapi katikati. Ikiwa chini ya 35, hapo ni ukame. Chini ya 20, ukame mkali. Chini ya 10, ukame wa kutisha. Tuseme kuna malisho ambayo historia yake inacheza kati ya 0.20 na 0.45. Mwezi huu ni 0.30. Hesabu inakupa 40, hali ya kawaida. Vumbi lishushe 0.05 tu, kitu kidogo mno. Unapata 20. Umefika ukingoni mwa ukame mkali, na nyasi ni zilezile.

Bima ya mifugo ya namna hii ilianza Marsabit mwaka 2010, na mwaka 2015 serikali ikaanzisha mpango wake, ambao baadaye ulifika hadi Tana River. Hakuna mtu anayekwenda kuhesabu ng'ombe waliokufa. Namba ya kutoka angani ikishuka chini ya kiwango, mfugaji analipwa. Nami nausifu mpango huu, kwa sababu unamfikia mtu ambaye mkaguzi wa bima asingemfikia hata kwa wiki. Lakini fikirini uzito wake. Hewa ikishusha namba mwaka huu, kampuni inalipa kisichostahili, na mwakani ada inapanda. Hewa ikiwa ilishusha namba za miaka ya nyuma na hazikusafishwa, basi historia yote imekaa chini, mwaka huu unaonekana afadhali, na mama aliyepoteza mbuzi wake anaambiwa malisho yapo. Huyo mama atamlalamikia nani? Atailalamikia hewa?

Wataalamu hawajalala. Tangu mwaka 1986 kuna njia iliyoenezwa na Brent Holben wa NASA, shirika la anga la Marekani: usitumie picha ya siku moja, kusanya picha za siku kadhaa, halafu kwa kila mahali chagua namba iliyo juu kuliko zote. Kwa nini ya juu? Kwa sababu hewa karibu kila mara inashusha. Iliyo juu ndiyo iliyopata siku ya kweupe. Ni njia rahisi, na imefanya kazi kubwa duniani. Ila inahitaji angalau siku moja ya kweupe. Moshi ukikaa wiki mbili, au mawingu ya Pwani yakikupa nafasi moja tu ya kuona, na nafasi hiyo ina ukungu, basi iliyo juu kuliko zote nayo ni mbovu.

Kuna wakati hewa ya dunia nzima iliharibika kwa pamoja. Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulilipuka Juni 1991 na kurusha juu mamilioni ya tani za gesi ya salfa, ikageuka chembe ndogo zilizozunguka dunia na kubaki juu kwa muda unaokaribia miaka miwili. Kamera zikaona kijani kimepungua hata mahali ambapo hakuna kilichotokea. Wanaotumia historia ndefu ya NDVI mpaka leo wanalazimika kuirekebisha miaka ile, na pia ile iliyofuata mlipuko wa El Chichón wa Mexico mwaka 1982. Mwanafunzi, ukichora mstari wa miaka arobaini ya kijani cha Pwani, uliza kwanza kama volkano hizo zimetolewa ndani yake.

Sasa niwape kisa kinachoonyesha kwamba jambo hili limewagonganisha hata mabingwa.

Mwaka 2005 Amazon ilipatwa na ukame mkali. Mito ilikauka, boti zikakaa matopeni. Mwaka 2007 wanasayansi wakatoa matokeo katika jarida kubwa: kwa mujibu wa setilaiti, msitu wakati wa ukame ule ulizidi kuwa kijani. Ulizidi! Na maelezo yao yalikuwa na mantiki: mawingu yamepungua, jua limeongezeka, mizizi mirefu inafika maji ya chini, kwa hiyo miti inanawiri. Watu wengi wakalipokea.

Kisha mwaka 2010 wengine wakachukua data zilezile, wakaanza kuondoa kila mahali palipokuwa na alama ya wingu au moshi. Na ukame wa Amazon unakuja na moshi, maana ndipo watu wanapochoma. Walipomaliza kuondoa, kile kijani kilichoongezeka kilibaki sehemu ndogo tu ya msitu, na hakikuwa tofauti na miaka mingine. Mwaka 2014 kundi jingine likaja na hoja nyingine kabisa: kwamba ule msitu unaoonekana kuwa kijani kila kiangazi unatokana na pembe ya jua. Jua likikaa nyuma ya kamera, vivuli vya miti vinajificha, na msitu unang'aa zaidi. Walipoisawazisha pembe, mabadiliko yakapotea. Mjadala haukuishia hapo, na haukupaswa kuishia hapo. Kuna waliopanda minara kwenye msitu wenyewe wakapiga picha majani yakichipua.

Kwa nini nawasimulia habari za Amazon nikiwa Mombasa? Kwa sababu wale walikuwa watu wazito, na chombo kilikuwa kizuri, na data zilikuwa wazi kwa kila mtu. Na bado swali kama msitu mkubwa kuliko yote ya joto unastawi au unateseka lilitegemea nani alisafisha hewa vipi. Kama ni hivyo kwa Amazon, je, kwa kipande cha mikoko ya Port Reitz chenye upana wa mita mia mbili?

Sasa nigeuze upande. Mpaka hapa nimeisema hewa kama adui. Lakini kuna watu ambao wanaitafuta hewa yenyewe. Daktari wa kifua anataka kujua moshi uko wapi. Mtu wa hali ya hewa anataka kujua vumbi linaelekea wapi. Kwa hao, jani ndilo linaloziba njia.

Marehemu Yoram Kaufman wa NASA alilitazama jambo hili kwa akili ya ajabu. Fikirini nyumba inayotazama bahari, kioo cha dirisha kimekaa chumvi. Ukitazama nje kuelekea ukuta mweupe, huioni ile chumvi. Ukitazama kuelekea kitu cheusi, chumvi yote inajitokeza. Kaufman alisema: tafuteni mahali peusi ardhini. Na mahali peusi, kwa mwanga mwekundu na wa bluu, ni wapi? Ni penye majani mengi! Msitu ndio kitu cheusi. Halafu akaongeza hila ya pili. Kuna infraredi ya mbali zaidi, yenye wimbi la maikromita 2.1, ambayo moshi mwembamba hauizuii, inapenya. Katika mwanga huo ardhi inaonekana karibu kama hewa haipo. Naye na wenzake wakaona kwamba mahali penye majani, nyekundu ya ardhini ni kama nusu ya ile ya 2.1, na bluu ni kama robo. Mwaka 1997 njia hiyo ikachapishwa.

Kwa hiyo: ile ya 2.1 inasoma 10. Nyekundu ya ardhini inapaswa kuwa 5. Kamera inaona 9. Zile 4 za ziada zimetoka wapi? Zimetoka hewani. Umeupima moshi.

Lakini simameni hapo. Ili nilipime jani, nahitaji kuijua hewa. Ili niipime hewa, nahitaji kulijua jani. Mwaka 2007 njia hiyo iliporekebishwa, ule uhusiano wa nusu na robo ulianza kutegemea pembe kati ya jua na kamera na kiwango cha kijani cha mahali. Umeona mzunguko? Kila mmoja anasimama juu ya bega la mwenzake. Ukikosea kijani, unakosea moshi. Ukikosea moshi, unakosea kijani. Mtu akikuletea ramani ya moshi na ramani ya majani kutoka kamera moja, akakwambia hii inathibitisha ile, mwambie apunguze mwendo. Huenda ni kosa moja limevaa nguo mbili.

Pasipo majani, pale penye jangwa, mchanga mweupe na mapaa ya mabati, njia hiyo inashindwa. Christina Hsu na wenzake walileta njia ya bluu iliyokolea mwaka 2004, kwa sababu katika bluu hata jangwa linakuwa jeusi kiasi. Imesaidia sana.

Na kipimo chenyewe cha moshi na vumbi la hewani kikoje? Wanakiita AOD. Ikiwa 0.1, jua lililo utosini linapenya chembe zote za hewani na kutufikia kama asilimia 90. Ikiwa 1, linatufikia asilimia 37 tu, hilo ni ukungu mzito wa moshi. Watunzaji wa kipimo cha MODIS nchi kavu wanasema wazi kwamba theluthi mbili hivi ya vipimo vyao vinakosea kwa 0.05 pamoja na asilimia 15, au chini ya hapo. Basi hewa yenye 0.2 ya kweli inaweza kusomwa 0.12, inaweza kusomwa 0.28. Nawaheshimu kwa kulisema. Tunaoitumia ndio tunaolisahau.

Nani anamkagua setilaiti? Kuna vifaa vidogo vya ardhini vinavyolitazama jua moja kwa moja na kupima limefifia kiasi gani. Mtandao wake unaitwa AERONET, na umeenea duniani. Kenya umewahi kupima Nairobi, Mbita kule ziwani, na Malindi. Malindi yetu hii! Mji uleule ambao pembeni yake, Ngomeni, roketi zilikuwa zikirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini, na ambako setilaiti iliyopewa jina Uhuru iliondoka tarehe 12 Desemba 1970. Pwani si wageni wa mambo ya angani, wazee wangu. Msikubali kuambiwa haya ni ya watu wengine.

Lakini Pwani ni mahali pagumu kupima, na lazima niliseme bila kupaka rangi. Kipimo cha kawaida cha AOD cha MODIS kina miraba ya kilomita 10 kwa 10. Kisiwa chote cha Mombasa kinaingia ndani ya mraba mmoja, pamoja na bahari na bara. Bahari ina njia yake ya hesabu, nchi kavu ina yake, na ufuo uko katikati, haumilikiwi na yeyote. Jua linang'aa juu ya maji. Matope ya mto yanageuza rangi ya kina kifupi. Mchanga mweupe wa ufukweni unarusha mwanga ambao hewa inausukuma pembeni, ukaangukia kwenye mikoko iliyo jirani, na mikoko ikaonekana imepauka. Hata chumvi yenyewe, unyevu ukipanda, punje zake zinavimba na kuzuia mwanga zaidi, AOD inapanda, na hakuna gramu moja ya chumvi iliyoongezeka.

Na msidhani AOD ndiyo mnayovuta puani. Inahesabu hewa yote kutoka ardhini hadi juu. Kati ya Juni na Septemba nyika za kusini na kati mwa Afrika zinawaka, na moshi unaweza kusafiri mbali ukiwa juu kabisa: setilaiti inauona, kifua chako hakiuvuti. Kwa upande mwingine, takataka zinazochomwa nyuma ya nyumba magharibi zinakujaza moshi, na Terra iliondoka tangu asubuhi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilisema wastani wa mwaka wa chembe ndogo usizidi maikrogramu 5 katika kila mita ya ujazo. Namba hiyo utaipata kwa kifaa kilicho mtaani. Setilaiti peke yake haitakupa.

Nifike Tudor, kwa sababu kuna vijana hapa wanaokijua kisa hiki. Kikundi kimoja cha mikoko kilichora mstari wa NDVI wa eneo lao kwa picha za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, zinazotolewa bure. Mstari ukatambaa chini miaka mitatu, halafu kuanzia mwanzo wa 2019 ukaruka juu na kubaki juu. Furaha iliyoje! Walikuwa wamepanda miche. Taarifa ikaanza kuandikwa.

Binti mmoja wa kikundi hicho akauliza, mbona hata ule msitu wa zamani, ambao hatukuupanda, umeruka siku ileile? Swali zuri kuliko yote niliyoyasikia mwaka huo. Wakafungua majina ya faili. Za mwanzo zilikuwa za daraja ambalo hewa bado imo. Za baadaye zilikuwa za daraja ambalo hewa imeondolewa, na daraja hilo lilianza kutolewa kwa dunia nzima Desemba 2018. Mikoko haikuruka. Iliyoruka ni hewa. Wakazisafisha zile za zamani kwa programu ileile, wakachora upya. Miche ilikuwa inakua, ndiyo, polepole, kama mikoko inavyokua, na taarifa waliyoipeleka ilikuwa na mstari wa chini kuliko ule wa kwanza. Waliipeleka hivyohivyo. Nawapigia makofi vijana wale, na nawaomba nanyi muwapigie.

Basi mkiletewa ramani, ulizeni. Namba hii ni ya juu ya hewa au ya juu ya ardhi? Mawingu na moshi vimewekewa alama, na zilizo na alama zimeachwa? Mwaka huu na mwaka ule vimetoka kamera moja, programu moja? Hili la mwisho litazidi kuwa zito, kwa sababu Terra na mwenzake Aqua wamezeeka, na kazi yao inahamia kwenye kamera za VIIRS, zilizo ndani ya setilaiti mpya zaidi, ambazo milango yake ya rangi si sawasawa kabisa na ya MODIS. Historia ya bima ya mfugaji itaungwa kipande kwa kipande. Anayeiunga aulizwe.

Na kuna kazi ya mikono yetu. Sentinel-2 inapita kwetu kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na ratiba yake inajulikana mapema. Nawaomba kila kikundi kichague miti kumi isiyobadilishwa. Siku ya kupita, piga picha miti hiyo kwa simu, kisha geuka upige picha ya upeo wa macho, uandike: kweupe, ukungu, moshi, vumbi. Mwalimu wa jiografia aweke daftari. Mwaka mmoja wa daftari hilo utatuwezesha kujua ni lini namba imeshuka kwa sababu ya jani na ni lini kwa sababu ya hewa, na hakuna maabara ya Ulaya inayoweza kutupa hilo. Ratiba ya miezi mitatu ijayo nimeichapisha, iko mezani karibu na mlango, kila kikundi kichukue karatasi moja na kiandike jina la atakayeshika simu.

Nimemaliza yangu. Tuingie kwenye maswali. Mama uliyeinua mkono pale nyuma, tuanze na wewe.